Afya Yako na Usukani: Mwongozo kwa Madereva wa Tanga na kwa Abiria Anayetaka Kutoa Taarifa

Nikipita stendi ya Kange au kijiwe cha bajaji pale Ngamiani, sikosi kuulizwa maswali yaleyale. "Kaka, nikipima nikakutwa na sukari, ndiyo basi tena kazi?" "Baba haoni vizuri usiku na hataki kuachia gari, nimfanyeje?" "Juzi dereva alikuwa anasinzia, ningempigia nani?" Stendini majibu huwa nusu nusu, maana anayekuuliza jicho moja liko kwa abiria. Ndiyo maana nimekaa nikayaandika yote mahali pamoja.

Mimi si daktari. Nimeendesha Kosta za Korogwe, baadaye basi la Dar, na nina kisukari. Ninayoyasema hapa nimeyapata kliniki, barabarani, na kwenye kosa langu mwenyewe ambalo nitalieleza huko mbele. Viwango vya hospitali ambavyo vimetoka Uingereza nitavitaja kuwa ni vya Uingereza, kwa sababu wenzetu hao wameviandika wazi na ni rahisi kuvipima. Daktari wako akikupa kiwango kikali zaidi, fuata chake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni yako. Itoe mfukoni uisome kweli: daraja lake na tarehe ya kuisha. Kuna mtu anabeba abiria kwa leseni ya daraja D, ambayo ni ya gari binafsi, na hajawahi kuiangalia tangu aipokee.
- Kadi au daftari lako la kliniki kama unalo.
- Dawa zote unazotumia, kwenye mfuko mmoja. Weka na za duka la dawa, za kikohozi, za mitishamba, na ile ya "nguvu" ambayo hutaki mkeo aione.
- Kamba ya mita 20, na gari lililoegeshwa lenye namba safi.
- Mtu anayelala chumba kimoja nawe. Yeye anajua kama unakoroma, wewe hujui.
- Nusu siku isiyo na safari. Usiende kupima ukiwa umetoka kukesha barabarani, utapata vipimo vya uchovu wako.

Sehemu ya kwanza: kujipima na kupimwa

1. Anza na macho. Tanga ni mji wa baiskeli. Jioni kuanzia Majani Mapana hadi Pongwe unapishana na watu wasio na taa wala kiakisi, na wengine wamembeba mtoto mbele. Dereva asiyeona vizuri magharibi atamwona mwendesha baiskeli akiwa ameshamfikia.

Pima hivi. Mchana, simama mita 20 kutoka kwenye gari usome namba zake kwa sauti, na mwenzako awe karibu na gari anahakiki. Ziba jicho la kulia, soma. Badilisha, na badilisha gari pia, kwa sababu namba za kwanza utakuwa umeshazikariri. Uingereza mtu asiyeweza kusoma namba kwa umbali huo, hata kwa miwani, haruhusiwi kuendesha gari la aina yoyote. Ukikwama kwenye herufi mbili tatu, nenda kliniki ya macho wiki hiyohiyo.

Kisha pima pembeni. Kaa uso kwa uso na mwenzako, mita moja hivi, ziba jicho moja na umtazame puani. Yeye alete kidole taratibu kutoka pembeni, nawe useme pale unapokiona. Presha ya macho huanza kula pembeni, haiumi, na mtu anaweza kusoma ubao wote wa herufi huku haoni bodaboda anayeingia kutoka kushoto. Kipimo cha nyumbani kinakuonyesha tatizo likiwa kubwa tu. Likiwa dogo linaonwa na mashine za hospitali, kwa hiyo aliyevuka miaka 40 apime presha ya macho hata kama anasoma vizuri.

*Kosa la kawaida:* kununua miwani ya kusomea barabarani kwa kujaribu jaribu. Ile inakusaidia kuona simu mkononi. Ukiivaa kwenye usukani, mbele kunakuwa ukungu.

2. Pima presha na sukari. Kipimo ni cha dakika chache, zahanati yoyote. Presha ipimwe ukiwa umekaa dakika tano bila kuongea na simu. Uingereza dereva wa basi au lori ambaye presha yake inabaki 180 ya juu au 100 ya chini na kuendelea husimama kuendesha mpaka ishuke. Wengi wakipewa dawa hushuka na kurudi kazini, na hilo ndilo jibu la swali la kwanza la pale Kange. Kazi ikimtoka dereva ghafla, mara nyingi ni kwa sababu alificha mpaka siku ya siku.

Kwenye sukari nitakaa zaidi, kwa kuwa ndiko ninakokujua.

Hatari kubwa ya dereva mwenye kisukari ni sukari kushuka, na inashushwa hasa na insulini na vidonge vya jamii ya glibenclamide. Anayetumia vidonge vya metformin peke yake ni mara chache kushukiwa na sukari, lakini amuulize daktari. Kama uko kwenye insulini au glibenclamide, utaratibu ni huu:

- Pima kabla ya kuwasha gari, isizidi saa mbili kabla ya safari. Pima tena kila baada ya saa mbili ukiwa safarini.
- Ukikuta 5 na kuendelea (kwa mashine za miligramu ni 90), endesha.
- Kati ya 4 na 5, kula kitu kwanza.
- Chini ya 4 (miligramu 72), usiendeshe. Kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ya daiti, au maji yenye vijiko vinne vya sukari. Subiri dakika 15 upime tena. Ikishafika 5, kula chakula cha kueleweka na usubiri dakika 45 kabla ya kushika usukani, kwa sababu kichwa huchelewa kurudi sawa kuliko damu.

Chungwa la Muheza ni zuri, liweke kwenye gari, ila ukiwa tayari unatetemeka soda ina kasi zaidi. Na soda hiyo ikae karibu na kiti chako. Ya kwenye buti haitakufaa.

Sasa kosa langu. Niliwahi kuendesha zaidi ya mwaka mzima tajiri wangu hajui kuwa nina kisukari. Asubuhi moja nilimeza vidonge vyangu, tukapata pancha Hale, tukakaa sana kutafuta jeki, na chai ya saa 4 ikawa haijanywewa mpaka saa 7. Kufika karibu na Kabuku mikono ikaanza kulowa. Nikaona kibao cha barabarani, nikaona kina herufi, lakini sikuweza kuzisoma. Nikapunguza, nikaegesha, na nilidhani nimeegesha vizuri. Nusu ya basi ilikuwa bado barabarani. Nilipojaribu kumjibu konda, maneno yalitoka mazito. Abiria wakaanza kupiga kelele, "Amelewa huyu! Mtoeni!" Mmoja alishanikamata kola. Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa siti ya mbele na mtoto. Alininusa, akasema, "Huyu hanuki pombe, huyu ni mgonjwa kama marehemu mume wangu," akachukua soda ya mwanawe akaninywesha. Watu zaidi ya hamsini walikuwa mikononi mwangu siku ile na sikuwa nimemwambia yeyote. Hadi leo nikipita Kabuku natafuta ile sehemu kwa macho.

*Mwezi wa Ramadhani:* huku kwetu madereva wengi wanafunga, na sukari ya aliyefunga huwa chini zaidi alasiri, saa 10 hadi magharibi, wakati ambao barabara ya kuingia mjini imejaa watu wanaowahi futari. Nenda kliniki mwezi mmoja kabla, dozi na saa za dawa zibadilishwe. Pima hata ukiwa umefunga. Masheikh wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu, na ukitaka kutulia muulize wa msikitini kwako. Ikishuka chini ya 4, fungua. Funga utailipa.

3. Sema ukweli kuhusu kupoteza fahamu. Uliwahi kuanguka ghafla? Uliwahi kuzinduka watu wamekuzunguka, ulimi umeumwa, nguo zimelowa? Iwe nyumbani kwenu wanakiita kifafa au wanasema ni pepo, sibishani na imani ya mtu. Kwa dereva, la msingi ni kwamba kuna dakika hukuwepo. Acha kuendesha siku hiyo na uende hospitali.

Uingereza, dereva wa gari dogo mwenye kifafa hurudi akishamaliza miezi 12 bila kuanguka. Dereva wa basi au lori anatakiwa awe amemaliza miaka 10 bila kuanguka na bila kutumia dawa za kifafa. Kwa hiyo nasema kwa uchungu lakini wazi: kama wewe ni dereva wa basi na umeanza kuanguka kifafa, tafuta kazi nyingine ndani ya usafirishaji. Kuna ukaguzi wa magari, tiketi, kusimamia stendi.

Tarehe 22 Desemba 2014, katika mji wa Glasgow, dereva wa lori la taka alipoteza fahamu kwenye usukani katikati ya mji, na watu 6 waliokuwa wakipita kwa miguu wakafa. Uchunguzi ulionyesha kuwa mwaka 2010 alishawahi kuzimia kwenye usukani wa basi na hakuwa mkweli juu ya jambo hilo. Ni mji wenye hospitali na sheria za kila namna, na bado yote yalitegemea mdomo wa mtu mmoja.

Aliyepata kiharusi, hata kile kidogo kinachopita baada ya dakika chache, naye asimame mpaka apimwe. Mkono unaweza kurudi huku macho ya upande mmoja yamepotea.

4. Pekua mfuko wa dawa. Mwaga zote mezani mbele ya mfamasia au daktari na uulize dawa moja moja: "Hii inaleta usingizi? Baada ya saa ngapi naweza kuendesha?" Zinazowaangusha madereva zaidi ni hizi za kawaida: Piriton na promethazine za mafua na mzio, dawa za kikohozi zenye codeine, Valium, amitriptyline, tramadol, na dawa za kifafa kama phenobarbital. Piriton moja uliyomeza usiku inaweza kuwa bado kichwani asubuhi.

*Onyo:* usiache dawa ya daktari ili uweze kuendesha. Anayeacha dawa ya presha au ya kifafa kwa ajili ya safari anajitafutia balaa kubwa kuliko usingizi. Mwambie daktari kazi yako ni udereva. Mara nyingi ipo dawa nyingine, au saa nyingine ya kumeza.

5. Hesabu usingizi kwa saa. Andika kwenye daftari saa uliyolala na saa uliyoamka, siku saba mfululizo. Mtu aliyekaa macho saa 17 huendesha kama mwenye miligramu 50 za kilevi katika mililita 100 za damu. Akifikisha saa 24 ni kama mwenye 100. Uliyeamka saa 11 alfajiri, ikifika saa 4 usiku umeshatimiza hizo 17, hata kama hujasikia usingizi.

Basi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wake kisheria, hukata mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde tatu umepita mita 66 peke yako. Saa mbaya ni kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri, na nyingine ndogo saa 8 hadi saa 10 mchana. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, hili limekuwa letu sote.

Kufungua dirisha, kuongeza muziki, kujimwagia maji: vinakuamsha kwa dakika chache tu. Kinachosaidia ni kuegesha mahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala dakika 15 hadi 20. Kahawa hufanya kazi baada ya nusu saa hivi, kwa hiyo itakukuta unaamka.

Na kama mwenzako wa chumbani anasema unakoroma sana, unakata pumzi halafu unashtuka kama mtu anayezama, nawe mchana unasinzia hata ukiwa kwenye foleni, huo ni ugonjwa na una tiba. Usiuite uchovu wa kazi.

6. Pombe, mirungi, bangi. Kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kiwango ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Aliye chini ya hapo hajasalimika: sheria inamkamata pia anayeendesha huku kilevi au dawa imemfanya ashindwe kulimudu gari. Mwili unaondoa kama miligramu 15 kwa saa, na supu wala kuoga havisukumi. Aliyelala saa 6 usiku akiwa na 150, saa 11 alfajiri bado ana 75, na saa 12 ndio anatoa basi. Dereva wa abiria asiguse kabisa siku moja kabla.

Mirungi ni haramu kisheria, na hata isingekuwa hivyo: inauficha usingizi halafu inauachilia wote kwa mkupuo. Wengi wanaoniambia "inanikesha" ndio haohao waliochepuka alfajiri.

7. Mwambie tajiri au ofisi, kwa maandishi. Fanya hivyo ukishapata karatasi ya daktari, sio kabla. Mfano wa ujumbe:

"Shikamoo bosi. Nimepimwa wiki hii nikakutwa na kisukari, nimeanza dawa. Daktari ameandika nisiendeshe wiki mbili mpaka sukari itulie, kisha anipime tena. Naomba kipindi hiki nisimamie gari stendi. Cheti nakuletea kesho asubuhi."

Umesema ugonjwa, muda, kazi mbadala na ushahidi. Bosi anayepewa tarehe ya kurudi huwa mwepesi kusubiri kuliko anayeambiwa "naumwa". Kwa deiwaka, anayelipwa kwa siku aliyoendesha, hali ni ngumu, najua, siku bila usukani ni siku bila ugali. Mtafute mwenzako mmoja mnayeaminiana mpokezane, akushikie gari kwa makubaliano ya hesabu, mkiandikishana mbele ya mtu wa tatu.

Sehemu ya pili: dereva mwingine asiye sawa

8. Akiwa ni mzee wenu. Usimkabili mbele ya wajukuu, wala siku aliyogonga geti. Chagua jioni tulivu. Atangulie mtu anayemsikiliza: mdogo wake, shemeji, imamu, rafiki wa ujanani. Anza na ulichokiona, usianze na umri wake. "Shikamoo baba. Jana tulipotoka Duga ulimpita yule wa baiskeli karibu sana, nami nilikuwa siti ya kushoto nikaogopa. Naomba twende wote hospitali ya Bombo tukapime macho, nami nitapima yangu." Ukisema "baba umezeeka" umefunga mlango.

Kama ni mtoto wa jicho, upasuaji unaweza kumrudishia uoni mzuri na gari lake. Kama haurudishi, mpeni usafiri kabla ya kumnyima ufunguo. Kijana wa kumpeleka Ijumaa msikitini, wa kumpeleka shamba Pongwe, ajulikane kwa jina na saa. Mzee anayeng'ang'ania usukani mara nyingi anaogopa kuomba omba lifti kwa wanawe.

9. Ukiwa abiria. Ukiona dereva anasinzia, anayumba, au anaongea maneno yasiyoshikana, fuata hivi:

a) Mfuate konda kwanza, kwa sauti ya chini: "Konda, dereva wako hayuko sawa, mwambie aegeshe tumpe soda na apumzike." Wawili watatu mkisema pamoja inatosha. Usiguse usukani, na usimkoromee dereva kwa nyuma, akishtuka atavuta.

b) Akikataa kusimama, piga 112, ambayo ni polisi. Toa taarifa kwa mpangilio huu: namba za gari, rangi na kampuni, mlikotoka na mnakoelekea, mahali mlipo, saa, ulichokiona. Mfano: "Nipo ndani ya basi namba T… rangi ya bluu, limetoka Kange saa 2 asubuhi kwenda Dar. Sasa ni saa 4 kasorobo, tumepita Michungwani tunaelekea Mkata. Dereva amefumba macho mara mbili, mara ya pili matairi ya kushoto yametoka nje ya lami. Ameombwa kusimama amekataa."

c) Ukishashuka salama, wapelekee LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Namba zao za bure hubandikwa ndani ya mabasi. Ipige picha hiyo karatasi unapopanda tu, kabla hujaihitaji. Kampuni pia iambiwe, tunza tiketi.

d) Kwa dereva wa mtaani, bodaboda au lori linalopita kwenu kila siku likiyumba, nenda kituo cha polisi umwone mkuu wa trafiki wa wilaya. Andika tarehe na saa za mara mbili au tatu ulizomwona. Namba ya pikipiki huanza na MC, wengi huisahau hiyo.

*Onyo kubwa:* sema ulichokiona, usiseme unachodhani. "Anayumba, maneno mazito, jasho linamtoka" ni taarifa. "Amelewa" ni hukumu. Mlevi, aliyeshuka sukari, na aliyeanza kiharusi wanafanana sana kwa anayetazama kutoka siti ya kumi. Polisi akiambiwa "amelewa" anakuja na kipima pombe, na huenda kinachotakiwa ni gari la wagonjwa.

Na usimrekodi ukarusha kwenye makundi ya simu ukiandika "dereva huyu ana kifafa". Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Video ikae kwako, uwape polisi wakiihitaji.

Mambo yakikwama

*"Nimepiga 112 haishiki."* Mtandao hukatika vipande vipande njia ile. Mtumie ujumbe mfupi ndugu yako aliye mjini apige au aende kituoni, na mkikuta askari wa trafiki barabarani, konda apige kengele mteremke wote.

*"Polisi wananiuliza jina, naogopa."* Waombe lisitajwe kwa dereva. Namba yako ya simu waachie, maana watahitaji kukuuliza mmefika wapi.

*"Nimepima sukari 4.6 na abiria wameshapanda."* Kula, subiri. Mwambie konda atangaze kuchelewa. Sukari yako haijui kuwa gari limejaa.

*"Nimepewa cheti cha afya bila kuguswa."* Nami kiliwahi kunipata hicho, kwenye zahanati moja: nililipa, nikagongewa muhuri, sikuvua hata kofia. Na kisukari nilikuwa nacho tayari. Cheti hicho kinamridhisha anayekagua faili, hakimwokoi mtu. Nenda kwingine upimwe kweli.

*"Daktari atanishitaki?"* Kazi yake ni kukutibu na kutunza siri yako. Marekani majimbo 6 tu, California likiwemo, ndiyo yanayomlazimisha daktari kuripoti baadhi ya magonjwa ya dereva kwa mamlaka. Uingereza mwenye wajibu wa kwanza wa kusema ni dereva mwenyewe. Muulize wako mapema: "Dokta, nikikwambia hili, nani mwingine atajua?" Kisha umwambie.

*"Miwani mpya inanitia kizunguzungu."* Ivae nyumbani siku tatu nne kabla ya kuendeshea. Isipotulia, irudishe ipimwe tena.

*"Mzee ametengeneza ufunguo wa akiba."* Msigombane naye. Mwambieni fundi anayemwamini alihifadhi gari gereji, huku mkimpeleka kliniki. Akiendelea kulitoa na hali yake ni ya hatari, mtoto mmojawapo aende kwa mkuu wa trafiki akaeleze. Ni jambo zito, lakini aende.

*"Dereva amesimamishwa, kumbe ni mgonjwa kweli."* Zimeni gari, wekeni pembetatu nyuma. Kama anameza na anajibu, mpeni soda kidogo kidogo. Kama hajibu, msimtie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, kola ifunguliwe, watu wampishe hewa. Uso umepinda upande mmoja au mkono hauinuki? Angalieni saa iliyoanza, muiandike, mumwahishe hospitali, kwa sababu swali la kwanza la daktari litakuwa ni saa hiyo.